Hiyo Fremu Mnaita Skrepa

Wasee, kabla mcheke hii baiskeli yangu ya ngiri tatu, someni kwanza.

Fremu ni Raleigh, kampuni iliyoanza Nottingham, Uingereza. Stika imefifia lakini inasomeka: Reynolds 531. Hiyo ni chuma iliyotoka Birmingham 1935. Lakini ujanja wenyewe ni wa zamani zaidi. Mwaka wa 1897, Alfred Reynolds na mwenzake walipata hataza ya bomba nene kwenye ncha, pale zinapounganishwa, na nyembamba katikati. Ndio maana fremu ilikuwa nyepesi na bado ina nguvu. Mabingwa wa Tour de France waliendesha chuma kama hii miaka mingi kabla kaboni ichukue nafasi.

Fundi wangu alipiga msasa siku mbili. Kutu ilikuwa ya juu juu tu. Akaniambia, "Kijana wangu, chuma ikivunjika unachomelea, unaendelea na safari."

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na mtaani washaniita skrepa. Hayo maneno yaliniingia. Kabla utupe kitu, ama mtu, kwaruza uone kutu imefika wapi.