Zawadi ya Mzazi katika Usukuma ya Mashariki

Mwandishi wa historia atakaye kujua habari za mahari katika nchi ya Wasukuma hapati taabu kubwa. Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa serikali ya Tanganyika katika mambo ya mila, alitoa kitabu chake juu ya sheria na desturi za Wasukuma mwaka 1953, na ng'ombe wa mahari wamo humo. Lakini atakaye kujua mwanamke aliyejifungua aliletewa nini, na nani aliyemletea, na katika chombo gani, huona maandishi yakimtupa njiani. Sababu yake haikufichika. Sheria huandika yale yanayofika barazani, na barazani hufika yale yanayodaiwa. Ng'ombe hudaiwa. Uji wa mzazi haudaiwi. Asiyeletewa hunyamaza, na aliyeletewa hula, naye hukumbuka zamu yake ikifika. Ndiyo maana jambo lililofanywa katika kila mji, mwaka hata mwaka, limeacha alama ndogo kuliko kesi ya ndama mmoja.

Nchi inayokusudiwa hapa ni mashariki ya Usukuma, yaani Ntuzu na jirani zake kama Itilima, Kanadi na Dutwa, ambazo zilikuwa na watemi wake mpaka serikali ilipoondoa utawala wa machifu mwaka 1963. Wakati wa Waingereza ilihesabiwa katika wilaya ya Maswa. Baadaye Bariadi ikawa wilaya katika Mkoa wa Shinyanga. Na mwaka 2012 ukaundwa Mkoa wa Simiyu, wenye wilaya za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, makao yake makuu yakiwa mji wa Bariadi. Mkoa huo umepewa jina la mto. Ni nchi ya mbuga na ng'ombe, ya mtama, viazi vitamu na pamba, na mvua yake si ya kutumainiwa kila mwaka. Hayo yote yameingia katika zawadi ya mzazi. Neno "mzazi" latumika hapa kwa maana waijuayo akina mama wenyewe, yaani mwanamke ambaye siku zake za kujifungua hazijapita bado, si baba au mama wa mtu yeyote tu.

Kabla ya nguo na sukari, zawadi ilikuwa chakula, mafuta na mikono. Mzazi alitakiwa kula kitu chepesi chenye nguvu: uji wa mtama au wa uwele, maziwa, na mchuzi wa nyama kwa wenye uwezo wa kuchinja. Samli ilikuwa na kazi mbili, kuungia chakula na kupaka mwili. Mtoto alibebwa katika ngozi, na ngozi haiwi laini ila kwa mafuta na kufikichwa muda mrefu. Kwa hiyo aliyeleta ngozi iliyokwisha kulainishwa alileta pamoja nayo kazi ya siku nyingi. Viazi vitamu vilivyokaushwa vilikuwa akiba ya kila nyumba: michembe, ambayo hukatwa mibichi na kuanikwa, na matobolwa, ambayo huchemshwa kwanza ndipo yakaanikwa. Kapu la matobolwa halionekani kuwa zawadi ya fahari. Lakini mzazi aweza kuyatafuna usiku bila kuwasha moto, na mleta kapu alilijua hilo.

Mikono ndiyo iliyokuwa zawadi kubwa kupita zote, nayo ndiyo isiyoacha alama kabisa. Kuteka maji mbali, kutafuta kuni katika nchi ya mbuga ambako miti ni haba, na kusaga nafaka juu ya jiwe, ni kazi zilizomaliza siku nzima ya mwanamke mwenye afya. Mzazi aliyesagiwa unga wa siku saba alikuwa amepewa siku saba za kulala. Kisha lilikuwapo jambo la ukoo. Katika mila ya Wasukuma ng'ombe wa mahari ndio waliomweka mtoto katika ukoo wa baba yake. Pale ambapo mahari haikutolewa, mtoto alihesabiwa upande wa mama. Yafaa basi kufikiri kwamba kapu lililotoka kwa mama mkwe halikutazamwa sawa na lile lililotoka kwa mama mzaa. La kwanza lilikaribisha mtu mpya katika nyumba. La pili lilimtunza binti ambaye nyumba ya wazazi wake haijamsahau.

Nguo ililetwa na biashara ya pwani. Mwaka 1833 Marekani ilifanya mkataba na Sayyid Said, na nguo nyeupe ngumu kutoka viwanda vya Massachusetts, iliyopitia bandari ya Salem, ikaenea hata ikaitwa "merikani" kwa jina la nchi yake. Kaniki nyeusi ilitoka Uhindi. Mizigo hiyo ilipandishwa bara mabegani mwa wapagazi, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma. Juu ya nguo na uzazi, lugha ya Kiswahili yenyewe ni shahidi. Mkaja ni nguo ambayo mwanamke wa pwani hujifunga kiunoni, hasa baada ya kuzaa. Na neno hilohilo ni jina la zawadi anayopewa mama wa bibi arusi. Ubeleko nao ni zawadi ya mama huyo, nalo ni neno la ukoo mmoja na mbeleko, nguo ya kumbebea mtoto mgongoni. Maana yake ni kwamba siku ya arusi mama alirudishiwa nguo alizochakaza siku za uzazi, baada ya miaka kumi na mitano au ishirini. Maneno hayo ni ya pwani, wala si haki kuyavisha Usukuma kwa nguvu. Lakini nguo ilipofika Ntuzu iliikuta kazi hiyo tayari, ikifanywa na ngozi, nayo ikaichukua pole pole.

Nguo haikuwa kitu cha kila nyumba mpaka pamba ilipoenea. Wakulima wa Jimbo la Ziwa walipoanza kujikusanya katika vyama vyao vya kuuza pamba, chini ya uongozi wa watu kama Paul Bomani, na Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria lilipoundwa mwaka 1955, fedha ilianza kuingia vijijini kwa kiasi kisichopata kuonekana. Pamba hupandwa mvua za mwisho wa mwaka zinapoanza, nayo huchumwa na kuuzwa kuanzia katikati ya mwaka unaofuata. Jambo hilo ladogo lilibadili zawadi ya mzazi kuliko mahubiri yoyote. Mtoto aliyezaliwa mwezi wa Julai alizaliwa katika mji wenye fedha: baba alikwenda dukani, mashangazi walikuwa na kitu mkononi. Mtoto aliyezaliwa Februari alizaliwa ghala likiwa limepungua, jembe likiwa shambani, na jirani wote wakiwa na palizi ya kuwahi. Huyo wa Februari ndiye hasa ambaye mama yake alihitaji kusagiwa na kutekewa maji, na ndiye aliyekuwa rahisi kusahauliwa. Zawadi ya zamani, ya mikono na akiba, ilikuwa na hekima ya msimu mbaya. Zawadi ya fedha ilifuata soko la pamba.

Katika vitu vilivyonunuliwa, kanga ilishika nafasi ya kwanza, wala hapana ajabu. Huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili: kimoja mzazi hujifunga, na cha pili humbeba mtoto. Ikichakaa, huwa nepi na matambara, na hapana kipande kinachopotea bure. Aidha kanga ina maneno. Mwanamke anayechagua kanga ya mzazi hasomi maua tu. Husoma jina lake, na huirudisha kwa mwenye duka iwapo maneno yake ni ya mafumbo ya wake wenza au ya kusuta jirani. Kanga mbaya kwa maneno yaweza kuharibu zawadi ya maana. Na pacha wakizaliwa, Kulwa na Doto kama waitwavyo Usukumani, fikira za mletaji hupata mtihani mwingine: hapana budi kila kitu kiwe jozi, maana mama hawezi kuwabeba wawili katika nguo moja.

Miaka ya 1970 ilileta mambo mawili yaliyoigusa desturi hii kwa nguvu. La kwanza ni Operesheni ya mwaka 1974, ambapo watu wa Mkoa wa Shinyanga, Bariadi ikiwamo, walihamishwa kutoka miji yao iliyotawanyika wakakusanywa vijijini. Mzazi akapata jirani wa karibu zaidi, lakini aghalabu si wale aliokuwa amewasagia unga yeye mwenyewe. Deni la miaka lilikatika, likabidi lianze upya. La pili ni uhaba wa bidhaa uliozidi baada ya vita vya Uganda vya 1978 na 1979. Sabuni, sukari na nguo vilipotea madukani. Kampeni ya mwaka 1983 dhidi ya wahujumu uchumi haikuvirudisha, na hali ilianza kulegea tu biashara ilipofunguliwa mwaka 1984 na miaka iliyofuata. Hivi vitatu vilivyopotea ndivyo hasa anavyovihitaji mzazi. Mgeni aliyeingia na mche wa sabuni au kilo ya sukari katika miaka ile alikuwa amepanga foleni, au amejinyima nyumbani kwake, na kila aliyekuwamo chumbani alilitambua hilo pasipo kuambiwa. Pengine ndiyo sababu vitu hivyo, ambavyo leo hupatikana katika kibanda chochote, havijatoka katika zawadi.

Badiliko kubwa, hata hivyo, lilitoka hospitali. Wazee wengi wa Afrika Mashariki hawakupenda kumnunulia nguo mtoto asiyezaliwa. Ilionekana kama kumtangulia Mungu. Zawadi ilikuja baada ya kilio cha mtoto kusikika. Kadiri wanawake walivyozidi kujifungulia zahanati na hospitali, ilibidi fungu litayarishwe kabla: mipira ya kuvaa mikononi, wembe mpya, kibanio cha kitovu, pamba, mpira wa kutandika kitandani, kanga au vitenge, sabuni na beseni. Uchangiaji wa gharama za matibabu ulipoanza mwaka 1993, wajawazito walisamehewa malipo, na msamaha huo ni jambo la kusifiwa. Lakini ghala la dawa likiwa tupu, msamaha hauleti wembe, na mama huambiwa aje na vyake. Hivyo sehemu ya kwanza ya zawadi imetoka mikononi mwa wanawake wa jirani, ikawa mzigo wa mume, au wa mjamzito mwenyewe, wa kulipwa kwa fedha taslimu kabla ya siku isiyojulikana. Tena siku hiyo yaweza kuwa ya Februari.

Nchi ya Finland yafaa kutajwa hapa, kwa kuwa ilipita njia hiyohiyo kwa kuelekea upande wa pili. Katika miaka ya 1930 watoto wachanga zaidi ya 60 kati ya kila 1,000 waliozaliwa huko walikufa kabla ya kutimiza mwaka. Tangu mwaka 1938 serikali ikaanza kuwapa akina mama maskini sanduku lenye nguo na vifaa vya mtoto, na mwaka 1949 likawa la kila mama, mradi awe amekwenda kupimwa mapema. Sanduku lenyewe, likitandikwa godoro dogo, lilikuwa kitanda cha kwanza cha mtoto. Mama wa Finland alikwenda kliniki akapewa fungu. Mama wa Bariadi alitakiwa awe na fungu ndipo aende. Uganda nao wamejaribu kugawa fungu la namna hiyo, linalojulikana kwa jina la Mama Kit. Si kwamba wanawake wa Tanzania wamezikimbia hospitali: katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2010 nusu hivi ya watoto walizaliwa katika vituo vya afya, ule wa 2015 na 2016 ukapata asilimia 63, na ule wa 2022 asilimia 81. Lakini hesabu hiyo haionyeshi haya ya mwanamke anayeingia mlangoni mikono mitupu, wala ya yule aliyebaki nyumbani asije akaulizwa mbele ya watu wembe wake uko wapi.

Katika fungu hilo kimo kitu kimoja kinachoshangaza. Simiyu ndio mkoa unaoongoza nchini kwa kilimo cha pamba, na pamba ni miongoni mwa vitu ambavyo mjamzito wa Simiyu hutakiwa kuvinunua. Jambo hilo halikuwapita viongozi. Katika miaka ya 2010, Maswa ilipokuwa ikitengeneza chaki na Meatu ikifungasha maziwa kwa mpango wa kila wilaya kuwa na bidhaa yake, ulitangazwa pia mpango wa kiwanda cha vifaa tiba vitokanavyo na pamba. Mama aliyeichuma kwa vidole vyake, akaifunga katika robota na kuipeleka mizanini, huikuta tena katika duka la dawa, nyeupe, imesafishwa, nayo huuzwa kwa vipande.

Sehemu ya pili ya zawadi, ile ya baada ya kujifungua, ingali mikononi mwa wanawake. Chombo chake sasa ni beseni, mahali pa kapu na kibuyu: kwanza la bati lililopakwa rangi, siku hizi la plastiki. Ndani yake hutiwa unga wa uji, sukari, sabuni, mafuta ya mtoto, pengine doti ya kanga juu yake kuvifunika vyote. Jirani mwenye busara huongeza kitu kisichoingia katika beseni: huja alfajiri, huchukua ndoo iliyo mlangoni, na kwenda kisimani kabla ya kuingia kumtazama mtoto. Mzazi akipata nguvu, beseni hurudishwa kwa mwenyewe, na aghalabu halirudi tupu. Hutiwa viazi, au karanga, au matobolwa.