Zege la Likasi na maji yaliyomo ndani yake

Historia ya Likasi, mji wa madini kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, husimuliwa zaidi kwa shaba na kobalti. Zege halitajwi sana, ingawa ndilo lililobeba viwanda vya Panda na Shituru pamoja na mitambo ya umeme iliyoviendesha.

Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na vifaa vizito vya ujenzi vikapitia huko. Katika miaka ya 1920 kampuni ya Ciments du Katanga, iliyojulikana kama Cimenkat, ilianza kutengeneza saruji Lubudi, kando ya reli ya Bukama. Mawe ya chokaa na udongo wa mfinyanzi huchomwa tanurini kwa joto la nyuzi 1,450 hivi za Selsiasi hadi yawe klinka, kisha klinka husagwa pamoja na jasi kidogo.

Kituo cha umeme cha Mwadingusha, katika mto Lufira, kilifunguliwa mwaka 1930 kwa jina la Francqui. Bwawa lake ndilo lililozaa ziwa Tshangalele, na umeme wake ukalisha kiwanda cha kusafishia shaba cha Shituru, kilichoanza kazi mwaka 1929. Mwaka 1931 mji wa Likasi ukaitwa Jadotville. Jina la Likasi lilirudi mwaka 1966. Karibu na uhuru wa 1960, zege lilitumika pia kuziba mashimo ya Shinkolobwe, mgodi ulio karibu na Likasi uliotoa urani ya mabomu ya kwanza ya atomu.

Zege hilo, kama zege lolote, haligandi kwa kukauka. Saruji huungana na maji na kuzaa madini mapya yanayoshika kokoto na mchanga, na kazi hiyo huendelea kwa miezi, hata miaka. Maji yanayobaki hujificha katika vitundu, na humo ndimo kutu ya nondo na nyufa huanzia.

Njia ya kuyachunguza maji hayo bila kulivunja zege ilitokana na resonansi ya sumaku, iliyogunduliwa mwaka 1946 na Felix Bloch na Edward Purcell, washindi wa Tuzo ya Nobel ya 1952. Kipande cha zege huwekwa ndani ya sumaku na kupigwa mawimbi ya redio. Viini vya hidrojeni vya maji hujibu. Jibu la maji yaliyobanwa katika vitundu vya nanomita chache hunyamaza ndani ya milisekunde moja. La maji yaliyo katika nafasi kubwa huchelewa zaidi kunyamaza. Mapema miaka ya 1980, Edgar Lippmaa na wenzake walipima viini vya silikoni na kuonyesha jinsi silika inavyojipanga katika minyororo saruji inapokomaa. Kikwazo ni chuma kilichomo katika saruji ya kawaida, kwa kuwa huvuruga vipimo. Ndiyo maana watafiti wengi huanza na saruji nyeupe, yenye chuma kidogo.

Ukarabati wa mitambo sita ya Mwadingusha ulikamilika mwaka 2021, na sasa mitambo hiyo ina uwezo wa megawati 78. Zege la majengo ya zamani ya Haut-Katanga, mkoa wenye Likasi, linastahili uangalizi kama huo: sampuli zichukuliwe na zipimwe kabla nyufa hazijaonekana kwa macho.