Floraidi katika maji ya kunywa, Tanzania Kaskazini

Floraidi ni madini yanayoyeyuka kutoka kwenye miamba na kuingia majini. Ikiwa kidogo huimarisha meno. Ikizidi huyaharibu, kisha mifupa. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania, iliyowahi kuruhusu hadi 4, sasa inafuata kiwango hicho. Kuzunguka Mlima Meru, chemchemi na visima vingi hukipita.

Chanzo. Meru ni volkano. Maji ya mvua yakizama ardhini hupenya miamba na majivu yake, yakabeba floraidi njiani. Kwa kuwa kila mkondo una njia yake, visima viwili jirani huweza kutofautiana sana.

Madhara. Meno ya kudumu hujengeka ndani ya ufizi hadi takriban miaka 8. Floraidi ikizidi wakati huo, meno huota na mabaka meupe kama chaki, baadaye ya kahawia, na mswaki hauyaondoi. Si uchafu, na mtoto asichekwe kwa hilo. Kiwango kikubwa kwa miaka mingi hukakamaza viungo na uti wa mgongo; watoto wengine hupata matege.

Utambuzi. Mji wa Maji ya Chai umepewa jina kwa rangi ya mto wake, lakini floraidi yenyewe haina rangi wala harufu. Hugunduliwa kwa kipimo tu. Mwananchi ana haki ya kuiuliza jumuiya ya watumia maji au mamlaka ya maji: kisima chetu kilipimwa lini, na kilikutwa na miligramu ngapi?

Kinga. Kuchemsha huua vijidudu, lakini floraidi haiondoki na mvuke: maji yakipungua sufuriani, yaliyobaki huwa nayo kwa wingi zaidi. Klorini nayo haiiondoi. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeendeleza mkaa wa mifupa: mifupa ya ng'ombe huchomwa kwa hewa kidogo, ikasagwa chenga na kujazwa katika chujio, ambamo kalsiamu fosfati yake hunasa floraidi. Mkaa ukishiba hubadilishwa. Maji ya mvua yana floraidi kidogo mno. Yakivunwa kwenye bati safi na kuchemshwa, watoto wayapate kwanza. Maharage na makande yalowekwe usiku kucha badala ya kulainishwa kwa magadi, ambayo nayo huongeza floraidi chunguni.