Kijana wa kiume wa Umwe: afya, kipato, elimu na mtu wa kumshika mkono

Miradi ya mama na mtoto ipo, ya mtoto wa kike ipo, vikundi vya akina mama vipo, na yote ni mizuri. Ila vijiweni watu wanauliza: huyu kijana wa kiume anayemaliza darasa la saba au kidato cha nne halafu anapotelea barabarani, anashikwa mkono na nani? Hapa tumekusanya yale ambayo tayari yapo ili usome, uprinti, umpe na mwenzako ambaye hajafika kafe.

UMWE NI WAPI

Kwa wasiopajua, Umwe ni kata ya Wilaya ya Rufiji, Mkoa wa Pwani, pale pale Ikwiriri kwenye barabara ya Kilwa. Ukienda kusini unakutana na Daraja la Mkapa lililofunguliwa 2003. Kabla ya hapo watu walivuka kwa kivuko cha Ndundu. Kaskazini ni Kibiti, ambayo ilikuwa sehemu ya Rufiji mpaka ilipofanywa wilaya yake katikati ya miaka ya 2010.

Kuanzia 2015 mpaka 2017 eneo hili lilipata msiba mkubwa. Viongozi wa vijiji na askari waliuawa, na Aprili 13, 2017 askari 8 waliuawa kwa mpigo mmoja Kibiti. Pikipiki zikapigwa marufuku kutembea usiku, watu wakahama, na kijana wa kiume akaanza kutazamwa kwa jicho la wasiwasi hata na majirani. Hali ilitulia, lakini wazee na vijana kuaminiana upya ni kazi ya miaka. Halafu Aprili 2024 yakaja mafuriko makubwa Rufiji na Kibiti, mashamba yakaenda na maji.

MAMBO MANNE

Wanaume weusi wa Marekani walilitazama tatizo kama hili zamani. Mwaka 1963 pale New York walianzisha kundi ambalo baadaye likawa 100 Black Men of America. Kazi yao wameijenga juu ya nguzo nne: malezi, elimu, afya na uchumi. Tuzichukue hizo nne tuone kwetu zimekaaje.

1. AFYA

Rufiji ni wilaya inayojulikana sana kwa utafiti wa afya. Tangu 1998 watafiti walianza kufuatilia kaya za huku, nani kazaliwa, nani kafariki. Hata hivyo zahanati zetu mama ana siku yake ya kliniki, mtoto ana siku yake, mwanaume hana. Anakwenda akishazidiwa. Mambo matatu usiyaonee aibu:

- Busha. Halitokani na madafu wala kurogwa. Linaletwa na minyoo midogo sana inayosambazwa na mbu, ndiyo hiyo hiyo ya matende. Kingatiba ya taifa ilianzia Mafia mwaka 2000. Dawa zile zinazuia maambukizi, ila busha ambalo limeshatoka halirudi kwa vidonge. Dawa yake ni upasuaji, na si upasuaji mkubwa. Kuna watu wamekaa nalo miaka, wameacha kazi na hata ndoa zimevunjika, kwa sababu ya kuona aibu tu.

- Kichocho. Ukiona damu kwenye mkojo usiambiwe ndiyo umekuwa mwanaume. Ni ugonjwa unaopatikana kwenye maji yenye konokono, ambayo watu wamekojoa humo. Unatibika kwa prazikwanteli. Ukiuacha unaharibu kibofu na unaweza kuleta saratani.

- VVU. Wanaume tuko nyuma ya wanawake kwenye kupima, ndiyo maana Juni 2018 serikali ilizindua kampeni ya Furaha Yangu iliyowalenga hasa wanaume. Vituo vya serikali kupima ni bure na dawa ni bure. Tangu sheria ibadilishwe mwishoni mwa 2019, kujipima mwenyewe kunaruhusiwa, na mwenye miaka 15 anaweza kupima bila ruhusa ya mzazi.

2. KIPATO

Tuanze na bodaboda maana ndiyo wengi wetu tupo. Tuseme unampelekea tajiri hesabu ya shilingi 10,000 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Kwa mwaka umempa 3,120,000. Hiyo ni hela ya kununulia pikipiki, na mwisho wa mwaka pikipiki bado ni yake. Ukiingia kwa mkataba, mwisho wake chombo kinakuwa chako. Ila mkataba uandikwe, kuwe na mashahidi, na kila malipo upewe risiti au yapite kwenye simu ili ushahidi ubaki.

Mwenye shamba la korosho au ufuta, jihadhari na kangomba. Yule anakupa hela leo kwa bei yake, kwa kipimo chake, wewe una shida ya leo unakubali. Njia rasmi ni stakabadhi ghalani: unapeleka mazao AMCOS, yanapimwa, unapewa stakabadhi, yanauzwa kwa mnada, hela inaingia kwenye akaunti yako. Tatizo lake ni kusubiri. Kwa hiyo fungua akaunti mapema na weka akiba kidogo ya kukuvusha mpaka mnada.

Halafu kuna mkopo wa halmashauri. Kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Hauna riba. Ulisimamishwa 2023 ukarudishwa mwaka wa fedha 2024/25. Ni wa kikundi kilichosajiliwa, si wa mtu mmoja mmoja kwa upande wa vijana, na maombi yanapita kwenye mtandao. Anzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Huna haja ya kumlipa mtu kitu chochote ili akupe fomu.

3. ELIMU

Kufeli kidato cha nne si mwisho wa safari. Ikwiriri yenyewe kuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, vile vyuo vilivyoanzishwa 1975 kwa msaada wa Sweden ili watu wazima na waliokosa shule wapate ufundi. Nenda uliza fani zilizopo mwaka huu na ada yake.

Aliyeishia darasa la saba anaweza kufanya mtihani wa QT, kisha kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Anayejua ufundi aliojifunza gereji, bila cheti, VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi: unapimwa unachokijua, ukifaulu unapewa cheti. Ada ya shule za serikali ilifutwa kidato cha kwanza mpaka cha nne tangu 2016, na kidato cha tano na cha sita mwaka 2022. Bodi ya Mikopo nayo tangu 2023/24 inakopesha hata baadhi ya kozi za stashahada. Tovuti za NECTA, VETA na HESLB unaweza kuzifungua hapo hapo ulipokaa, nusu saa inatosha.

4. MLEZI

Hapa ndipo penye pengo. Haya yote hapo juu yapo, na bado vijana wengi hawayafikii, kwa sababu hakuna mtu mzima aliyekaa naye akamwambia twende.

Zamani Wandengereko na majirani zao walikuwa na jando. Kijana hakukabidhiwa kwa ngariba peke yake, alikuwa na kungwi wa kumfundisha adabu, kazi, namna ya kuishi na watu. Siku hizi wengi wanatahiriwa hospitali, tena wakiwa wadogo, na kwa usalama ni bora zaidi. Ila tulivyohamisha kisu hatukuhamisha mafunzo. Mtoto anapona kidonda na hakuna anayemfuata tena.

Si lazima turudi porini. Fundi, mwalimu, nesi, ustaadh, katibu wa AMCOS, kila mmoja achukue vijana wawili tu. Akutane nao mara moja kwa wiki. Mwezi wa kwanza ampeleke zahanati, wa pili wakafungue akaunti, wa tatu wakaulize chuo. Mzazi ajue, wakutane mahali pa wazi, na mlezi asiguse hela ya kijana. Akikataa masharti hayo, huyo hafai kuwa mlezi.

Na wewe kijana usisubiri kuitwa. Mchague mtu mmoja unayemheshimu, mwendee na swali moja la maana: "Mzee, wewe ulianzaje?" Wazee wengi wa kwetu wanakaa barazani wakingoja kuulizwa hivyo.

Mwenye nyongeza, au anayejua mafundi na walimu wa Umwe, Mgomba na Kibiti walio tayari kuchukua vijana, aandike hapo chini kwenye maoni. Matusi hatupitishi.