Aliye Juu: Gari la Heshima Lilivyohama kutoka Benzi hadi Shangingi

Historia ya magari ya wakubwa katika Afrika Mashariki imehifadhiwa na maneno mawili ya mitaani. La kwanza ni Wabenzi, lililoenea miaka ya 1960 baada ya uhuru, likalipa tabaka jipya la viongozi na matajiri kiambishi cha kabila, kana kwamba nao walikuwa na nchi yao ya asili na mila zao. La pili ni shangingi, neno lililokuwa likimsema mwanamke wa mjini aliyebobea katika anasa, ambalo Watanzania walilibandika kwenye Toyota Land Cruiser VX na jamaa zake. Kati ya maneno hayo mawili, gari la heshima lilibadilika umbo. Zamani mkubwa alikaa chini, karibu na lami, katika gari la saluni lenye boneti ndefu mbele na buti nyuma. Siku hizi anapanda kwa kukanyaga ngazi ya ubavuni, na akishakaa, macho yake yako juu ya vichwa vya wanaopita kwa miguu. Tumeyazoea mabadiliko hayo hata tunayaona ya kawaida, lakini yanastahili kuulizwa: ni nini hasa kilichomwinua mkubwa kutoka kiti cha chini hadi cha juu?

Jibu linalotolewa haraka ni barabara. Nchi zetu, husemwa, zina mashimo, matope na makorongo, kwa hiyo anayesafiri kikazi hana budi kuwa na gari lililoinuka. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama miaka ingeiunga mkono, lakini miaka inaikana. Wabenzi walitamba wakati ambapo sehemu kubwa ya barabara za Kenya, Uganda na Tanzania ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Gari la juu lilitwaa heshima baadaye, lami ilipokuwa imeongezeka. Tena uwezo wa gari la saluni kuhimili njia hizo ulikuwa ukithibitishwa hadharani. Mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, yalikuwa miongoni mwa mitihani migumu kuliko yote duniani, na yaliyoifaulu yalikuwa magari ya chini: Mercedes 219 mwaka 1959 na 1960, Mercedes 220 SE mwaka 1961, Volvo PV544 ya Joginder Singh mwaka 1965, kisha Peugeot 404 miaka mitatu mfululizo, kuanzia 1966 hadi 1968. Ni kweli kwamba wale walikuwa madereva mabingwa na magari yao yaliandaliwa. Hata hivyo, Peugeot za ukoo huohuo ndizo zilizobeba abiria na mizigo yao kutoka mji hadi mji kwenye njia zilezile, zikiendeshwa na madereva wa kawaida waliotafuta riziki.

Gari la juu nalo lilikuwapo wakati huo, ila lilikuwa la mtumishi. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi Aprili 1948. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, alipata wazo lake baada ya kutumia Jeep ya jeshi la Marekani kwenye shamba lake huko Wales. Bodi yake ilitengenezwa kwa aluminiamu kwa sababu Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, na springi zake zilikuwa vyuma bapa kama za lori. Toyota ilitoa gari lake la aina hiyo mwaka 1951, na mwaka 1954 likapewa jina la Land Cruiser. Katika makoloni, na baadaye katika nchi huru, Landrova likawa gari la bwana shamba, bwana mifugo, mpima ardhi, mganga wa wilaya na askari wa wanyamapori. Lilikuwa na kelele, lilirusha watu vitini, na vumbi liliingia kila upenyo. Hakuna aliyelitamani kwa raha yake. Kwa hiyo katika miongo hiyo mpangilio ulikuwa kinyume cha tunaouona leo: mwenye cheo alikaa chini, na mwenye kazi porini akakaa juu. Aliyehitaji kweli magurudumu yote manne yavutwe na injini ndiye aliyepewa gari la namna hiyo, wala halikumwongezea hadhi.

Hatua ya kwanza ya kugeuza mpangilio huo ilikuja mwaka 1970, Rover ilipozindua Range Rover. Spen King na wenzake waliondoa springi za vyuma bapa wakaweka za kuzunguka, wakatia injini ya V8 ya lita 3.5, na kwa mara ya kwanza gari lenye uwezo wa Land Rover likatulia barabarani kama saluni. Lakini hata hilo halikuanza kama gari la anasa. Lilikuwa na milango miwili tu, na ndani yake mlikuwa na viti vya plastiki vilivyoweza kuoshwa kwa maji baada ya kazi za shamba. Milango minne ya kiwandani ilisubiri hadi mwaka 1981, ngozi na mbao vikaongezwa polepole, na mwaka 1987 Range Rover ikaanza kuuzwa rasmi Marekani kama gari la matajiri. Miaka kumi na saba ilipita kati ya kifaa cha mkulima na kiti cha tajiri. Katika miaka hiyo barabara za Uingereza hazikuharibika, wala matajiri wa Marekani hawakuhamia porini. Kilichobadilika ni mnunuzi aliyelengwa na bei aliyokuwa tayari kulipa.

Marekani ndiko soko lilikopinduka, na aliyelipindua alikuwa mtunga sheria kuliko fundi. Baada ya msukosuko wa mafuta wa 1973, Bunge la nchi hiyo lilipitisha mwaka 1975 sheria ya kubana matumizi ya mafuta, ikitaka magari madogo ya kampuni yafikie wastani wa maili 27.5 kwa galoni ifikapo 1985. Malori mepesi yaliwekewa kiwango cha chini, kwa imani kwamba ni vyombo vya wakulima na mafundi, na hadi mwisho wa miaka ya 1990 kiwango chao kilikuwa maili 20.7 tu. Gari la juu lilihesabiwa kuwa lori. Kodi ya magari yanayokunywa mafuta kupita kiasi, iliyotungwa mwaka 1978, haikuligusa. Kodi ya anasa ya asilimia 10, iliyoanza mwaka 1991 kwa magari yenye bei ya zaidi ya dola 30,000, ilitozwa saluni za kifahari lakini ikayasamehe malori mazito, yakiwamo magari makubwa ya juu. Hivyo gari la saluni lililopendwa na mabosi lilibanwa kila upande, na jirani yake mrefu akaachiwa mlango wazi. Kampuni ziligundua kwamba chesisi ya lori la bei nafuu ikifunikwa kwa bodi nzuri na viti vya ngozi inauzwa kwa faida kubwa. Lexus LX iliyotoka mwaka 1996 ilikuwa Land Cruiser iliyovishwa vizuri zaidi, na Lincoln Navigator ya 1997 ilitoka kwenye ukoo wa pikapu za Ford. Tunaposema wateja walichagua, tukumbuke kwamba waliandaliwa meza ambayo tayari ilikuwa imeinamishwa upande mmoja.

Kilichofuata ni ufundi kuziba kasoro zilizobaki. Toyota Harrier ya mwishoni mwa 1997, iliyouzwa nje ya Japani kama Lexus RX, ilijengwa kwa msingi wa gari la saluni, ikawa na urefu wa gari la porini na ulaini wa gari la ofisini. Mercedes ilileta ML mwaka 1997, BMW ikaleta X5 mwaka 1999, na Porsche, iliyojulikana kwa magari ya mbio, ikatoa Cayenne mwaka 2002. Baada ya hapo hata majina ya kifahari zaidi yaliingia: Bentley mwaka 2015, Rolls-Royce mwaka 2018, Ferrari mwaka 2022. Mwaka huohuo wa 2022 Toyota ilibadilisha Crown, saluni ya heshima ya Wajapani tangu 1955, na umbo la kwanza la kizazi kipya lililotangulia sokoni lilikuwa limeinuliwa kutoka ardhini. Kwa hesabu za Shirika la Kimataifa la Nishati, mwaka 2023 magari ya aina ya SUV, yaani haya ya juu, yalikuwa asilimia 48 ya magari yaliyouzwa duniani. Idadi kama hiyo haiwezi kuelezwa kwa matope ya Afrika. Sehemu kubwa ya magari hayo huishia kwenye lami ya miji kama Shanghai, Dubai na Los Angeles.

Kwetu mabadiliko yalipitia mlango wa serikali na wa wafadhili. Miradi ya maendeleo ilipoongezeka, Land Cruiser ilikuja nayo kwa sababu nzuri: ililazimika kufika kijijini na kurudi. Kisha gari la mradi likafuatwa na la mkurugenzi wa mradi, na la mkurugenzi likafuatwa na la waziri. Toleo la VX lilipoingia, likiwa na kiyoyozi na viti vya kitajiri, mpaka kati ya kifaa cha kazi na alama ya cheo ulifutika kabisa, na herufi hizo mbili zikatosha kulitaja gari. Zilipopokewa na V8 baada ya toleo la 2007, injini yenyewe ikawa jina la heshima. Tabaka la kati nalo halikubaki nyuma, kwani Harrier zilizotumika Japani zilishuka katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa na kumpa mfanyakazi wa kawaida sura ya ukubwa kwa bei aliyoweza kuikusanya. Ushahidi kwamba jambo hili limeshikana na cheo ulionekana Kenya. Mwezi Juni 2009, Waziri wa Fedha wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alitangaza kuwa mawaziri wabaki na gari moja lenye injini isiyozidi cc 1,800, na serikali ikanunua saluni za Volkswagen Passat. Wapo waliosita kurejesha magari yao makubwa, ingawa ofisi zao zilikuwa Nairobi, mji ambao saluni ilikuwa imeumudu tangu zama za ukoloni.

Wapo watakaopinga kwamba kiongozi hakai ofisini tu, huenda mikoani, na huko lami haijafika kila mahali. Hilo ni kweli, na hakuna mwenye busara atakayetaka daktari wa Kigoma au mhandisi wa maji wa Turkana apewe gari linaloburuza tumbo. Lakini hoja hiyo inatetea gari la safari, haitetei gari la kila siku. Gari la porini linaweza kukaa kwenye karakana ya wizara likisubiri ziara, badala ya kuunguruma kwenye foleni za mjini mwaka mzima. Wengine watasema gari la juu ni rahisi kupanda kwa wazee na wenye maumivu ya mgongo, na linabeba familia nzima. Nalo ni kweli, na ni faida ya haki. Ila faida hiyo inapatikana kwenye gari lililoinuka kiasi, lenye injini ndogo, bila tani mbili na nusu za chuma.

Hoja nzito zaidi ni ya usalama, nayo inahitaji kujibiwa kwa uangalifu. Mwaka 2000 Marekani ilishtushwa na matairi ya Firestone yaliyokuwa yakipasuka, hasa kwenye Ford Explorer, magari yakapinduka na watu zaidi ya 200 wakafa. Tangu wakati huo teknolojia ya kulidhibiti gari lisiteleze imepunguza sana hatari hiyo, na aliyemo ndani ya gari kubwa la kisasa kweli amelindwa. Swali ni nani anayelipia ulinzi huo. Mwaka 2023 taasisi ya Marekani ya usalama barabarani inayogharamiwa na kampuni za bima iligundua kwamba magari yenye boneti ya kimo cha zaidi ya inchi 40 yana uwezekano mkubwa zaidi, kwa takriban asilimia 45, wa kumuua mtembea kwa miguu anayegongwa, yakilinganishwa na magari yenye boneti ya chini iliyoinama. Boneti ya chini hupiga miguu, na ya juu hupiga kifua na kichwa. Paris ililichukulia tatizo la magari makubwa kwa makini: mwezi Februari 2024 wapigakura, japo walikuwa wachache, waliunga mkono kwa asilimia 54.5 ada ya maegesho iliyopandishwa mara tatu kwa magari mazito ya wageni. Katika miji yetu, ambako njia za waenda kwa miguu ni chache na watoto wengi hutembea kando ya barabara kwenda shule, suala hili lina uzito zaidi kuliko Paris.

Kwa hiyo anayedhani historia hii ni ya ladha tu amekosea. Saluni ilishindwa na sheria iliyopendelea lori, na faida ya viwanda, na tamaa ya mwenye cheo kuonekana, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho ni kudura ya Mungu. Kilichotungwa na watu kinaweza kutungwa upya na watu: ushuru unaopanda kwa uzito, kanuni za ununuzi wa serikali zinazotenganisha gari la kazi na gari la fahari, na njia za miguu zilizoinuliwa na kukingwa kabla ya kupanua barabara. Wabenzi walilaumiwa kwa kujitenga na wananchi, na lawama ile ilikuwa ya haki, lakini angalau dirisha lao lilikuwa karibu kulingana na macho ya aliyesimama kando ya barabara. Wahenga walituambia aliye juu mngojee chini. Walimaanisha kwamba naye atashuka siku moja, tukutane. Barabarani anayengoja chini ni mama mwenye ndoo kichwani na mtoto mwenye begi la shule, na mkutano huo, ukitokea, wao ndio wasioinuka.