Lebo za redio: Ipi ya kurejeshwa na ipi ya kutupwa?

LORI la shehena linalotoka Mombasa kuelekea Malaba hupitia Mtito Andei, Kibwezi na Emali, miji ya Kaunti ya Makueni iliyokua kwa biashara ya barabara kuu. Mlango wa kontena lake waweza kuwa na mihuri miwili. Wa kwanza ni komeo la chuma lenye nambari, ambalo hukatwa mzigo ukifika na vipande vyake kutupwa. Wa pili ni muhuri wa kielektroniki wa Mamlaka ya Ushuru (KRA), unaotumika katika mfumo wa kufuatilia shehena uliozinduliwa mwaka 2017 na Kenya, Uganda na Rwanda. Huo haukatwi. Hufunguliwa mwisho wa safari, ukarejeshwa na kufungwa kwenye lori jingine.

Mihuri hiyo miwili inaonyesha uamuzi unaomkabili kila mfanyabiashara anayefikiria kutumia teknolojia ya RFID, yaani utambuzi kwa mawimbi ya redio, kuhesabu na kufuatilia mali yake. Je, anunue lebo ghali zitakazotumika mara nyingi, au lebo rahisi zinazokwenda na bidhaa na zisirudi?

Lebo ya aina hii ina chipu ndogo iliyohifadhi nambari, pamoja na antena. Nyingi hazina betri. Hupata nguvu kutokana na mawimbi ya kifaa cha kusomea, kisha hujibu kwa kutaja nambari yake. Faida yake juu ya mistari ya kuchapishwa ni kwamba haihitaji kuonekana: kreti nyingi zilizopangwa juu ya mkokoteni zaweza kusomwa kwa pamoja zikipita mlangoni. Lebo ya karatasi inayonunuliwa kwa wingi hugharimu senti chache za dola ya Marekani, ilhali iliyofunikwa kwa plastiki ngumu, yenye kustahimili jua, maji na kugongwa, yaweza kufika dola kadhaa.

Wengi huishia kwenye bei hiyo, na hapo ndipo hukosea. Swali la kwanza linapaswa kuwa hili: kitu kinachobandikwa lebo hurudi kwa mwenyewe au hakirudi?

Chukua maembe. Makueni ni miongoni mwa kaunti zinazoongoza kwa zao hilo, na serikali yake ilijenga kiwanda cha kusindika matunda eneo la Kalamba. Embe likisafirishwa kwa kreti ya plastiki kutoka shambani hadi kiwandani, embe hubaki na kreti hurudi. Lebo iliyofungwa kwa kreti hurudi nayo bila nauli ya ziada. Lakini embe lililopakiwa katika katoni kwenda ng'ambo haliachi chochote cha kurejea. Katoni hiyo haina haja ya lebo ya kudumu. Yahitaji ya bei nafuu, au hata karatasi yenye nambari tu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba lebo ya kudumu ni Sh300 na ya kutupwa ni Sh20. Ya kudumu itajilipia baada ya safari 15. Ikiwa katika kila mzunguko kreti moja kati ya 50 hupotea, basi kwa wastani kila lebo itafanya safari 50, na gharama yake ni Sh6 kwa safari. Ikiwa kreti moja kati ya 10 hupotea, wastani ni safari 10, na gharama hupanda hadi Sh30. Hapo lebo "ya kudumu" imekuwa ghali kuliko ya kutupwa. Ndiyo maana meneja asiyejua idadi ya kreti zinazopotelea kwa mawakala na madalali hana msingi wa kununua lebo yoyote. Kwanza azihesabu kwa daftari, msimu mzima.

Msimu nao una uzito wake. Kreti inayosafiri mara moja kwa wiki haifikishi safari 15 katika miezi mitatu ya mavuno. Mtaji uliowekwa kwenye lebo utalala ghalani hadi mwaka unaofuata. Chama cha ushirika kilichokopa fedha kununua vifaa hivyo kitalipa riba wakati kreti zimekaa bure. Aidha, lebo zenye betri huzeeka hata zisipotumika.

Huko Kitui, mfano ulio karibu ni ndengu. Gunia huuzwa pamoja na kilicho ndani, likaenda Nairobi au Mombasa na kupotea machoni pa mkulima. Kulibandika lebo ya kudumu ni kumzawadia mnunuzi. Iwapo ghala linataka kujua gunia lilitoka kwa nani na liliingia lini, lebo ya karatasi yatosha, na kwa ghala dogo hata chaki na leja vingetosha. Kampuni za kuuza vifaa hazipendi kulisema hilo.

Kampuni moja yaweza kutumia njia zote mbili. Marks & Spencer ya Uingereza iliweka lebo za kudumu kwenye mamilioni ya trei za vyakula zinazozunguka baina ya wasambazaji na maduka, kisha ikatumia lebo za kutupwa kwenye nguo.

Maembe yana usumbufu mwingine. Matunda yamejaa maji, nayo maji hufyonza mawimbi ya masafa ya juu yanayotumika kusoma lebo za ghalani. Lebo iliyobanwa kati ya kreti mbili zilizojaa yaweza isisomeke kabisa. Hufaa kuwekwa ukingoni, ikitazama nje, na kujaribiwa kreti zikiwa zimejaa. Muuzaji anayefanya maonyesho kwa kreti tupu hajaonyesha kitu.

Hadi hapo suala ni la fedha. Kwa mifugo, mambo hubadilika. Hereni ya kielektroniki anayovishwa ng'ombe husomwa kwa masafa ya kilohezi 134.2 na huwa na nambari ya tarakimu 15. Tatu za kwanza zaweza kuwa za nchi, na za Kenya ni 404. Hereni rasmi hutengenezwa kwa makusudi ili ikiondolewa iharibike. Ingeweza kuvuliwa na kuvishwa ng'ombe mwingine, mwizi angepata hati safi ya mali isiyo yake. Kitui inapakana na Tana River, na mizozo ya malisho na wizi wa mifugo kwenye mpaka huo si habari mpya. Mnunuzi katika soko la Emali anahitaji nambari inayokufa na mnyama wake.

Botswana ilianza mapema miaka ya 2000 kwa kidonge cha kauri chenye chipu, ambacho ng'ombe humezeshwa kikakaa tumboni, kabla ya kugeukia hereni. Nchini Tanzania, usajili kwa hereni ulioanza 2021 ulimtaka mfugaji alipe Sh1,750 za nchi hiyo kwa ng'ombe mmoja. Malalamiko yalizidi na shughuli ikasitishwa 2022, hadi ilipofufuliwa 2025 pamoja na kampeni ya chanjo. Lebo ya kutumika mara moja huenda ikawa rahisi, lakini lazima iamuliwe nani atailipia.

Anayechagua lebo za kurejeshwa ana kazi moja zaidi. Kila inaporudi, taarifa za mzigo wa awali sharti zifutwe katika kumbukumbu kabla ya kupewa mzigo mpya, la sivyo maembe ya mkulima mmoja yatalipwa kwa jina la mwingine. Anayechagua za kutupwa naye ana taka zenye metali na plastiki za kushughulikia, na Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 imewabebesha watengenezaji na waagizaji wajibu juu ya bidhaa zao baada ya matumizi. Mnunuzi na amuulize muuzaji, kabla ya kutia saini, ni nani atakayezikusanya.