Kununua Nyumba: Anayoyajua Muuzaji na Anayopaswa Kuyatafuta Mnunuzi

Katika mauziano ya nyumba, pande mbili hukutana zikiwa na taarifa zisizolingana. Muuzaji anajua kama nyumba imewekwa rehani, kama mwenza wake ameridhia, kama ndugu wanadai urithi na kama ukuta umeingia katika hifadhi ya barabara. Mnunuzi huona kuta, bati na bei. Dalali naye hulipwa biashara inapokamilika, hivyo si mtu wa kutegemewa kuziba pengo hilo. Kwa mwananchi wa Kata ya Unyambwa, katika Manispaa ya Singida, kosa moja laweza kumaliza akiba ya miaka mingi.

Jambo la kwanza la kuuliza ni aina ya miliki. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, ardhi yote ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais; kinachouzwa ni haki ya kuitumia pamoja na maendelezo yaliyopo. Hatimiliki hutolewa kwa muda usiozidi miaka 99. Mnunuzi athibitishe miaka iliyobaki, matumizi yaliyoruhusiwa na madeni ya kodi ya pango la ardhi. Ikiwa eneo ni ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 ndiyo inayotawala, na Halmashauri ya Kijiji lazima ihusishwe.

Pengo kubwa zaidi huzibwa kwa upekuzi rasmi katika ofisi ya Msajili wa Hati. Upekuzi huonesha jina la mmiliki aliyesajiliwa, rehani na mazuio yaliyowekwa. Nakala ya hati mikononi mwa muuzaji haitoshi, kwa kuwa haioneshi yaliyosajiliwa baada ya kutolewa.

Yapo mambo ambayo daftari halisemi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inazuia mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Nyumba ya marehemu huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, si na mtoto mkubwa kwa kuwa anaishi humo. Majirani na viongozi wa mtaa wanaweza kueleza historia ya eneo na mipaka yake, lakini muhuri wa mtaa si mbadala wa hati.

Kwa nyumba iliyo kando ya barabara kuu au ya mkoa, mnunuzi apime mwenyewe: hifadhi ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, kwa mujibu wa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007. Aombe pia kuona kibali cha ujenzi, na aulize madeni ya maji na umeme.

Malipo yafanyike kupitia benki, kwa mkataba ulioandaliwa na wakili, na uhamisho usajiliwe. Kwa ardhi iliyosajiliwa, haki haihami kisheria hadi usajili ukamilike. Hadi hapo, aliyelipa anabaki na mkataba, na jina la muuzaji linabaki katika daftari.

Mgogoro ukitokea, Baraza la Kata husuluhisha, na lisipofanikiwa shauri hufunguliwa katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Hata hivyo, siku chache za upekuzi ni nafuu kuliko miaka ya kesi.